Mtetezi wa Mzee Wako Huamuliwa Kwenye Zabuni

Familia nyingi zinazosema Kiswahili huko England husikia habari za mtetezi huru siku ambayo mambo yameshabana. Mzee amelazwa baada ya kuanguka, hospitali inakihitaji kitanda chake, na afisa ustawi wa jamii amekuja kufanya tathmini ili iamuliwe kama atarudi nyumbani au atapelekwa kwenye makao ya wazee. Hapo ndipo watu wanapoulizana nani atamsemea. Swali ni la haki, lakini sehemu kubwa ya jibu lake ilikwisha kuandikwa pengine miaka mitatu nyuma, halmashauri ya eneo lao ilipotangaza zabuni ya huduma za utetezi. Ni wakati ule ndipo ilipopangwa ni saa ngapi za utetezi zitanunuliwa kwa mwaka, nani atahesabiwa kuwa anastahili, mkalimani atalipwa na nani, na shirika lina siku ngapi za kumfikia mtu aliyeombewa msaada. Ushauri wangu kwa familia hizo, na zaidi kwa vyama vyao, misikiti yao na makanisa yao, ni kuingia kwenye jambo hili mapema: zijueni haki za wagonjwa wenu, kisha mwende mahali ambapo haki hizo hugeuzwa kuwa mkataba na fedha.

Tuanze na haki yenyewe. Sheria iitwayo Care Act ya mwaka 2014, ambayo sehemu yake kubwa ilianza kutumika Aprili 2015, inailazimisha halmashauri kumtafutia mtu mtetezi huru pale masharti mawili yanapokutana. La kwanza ni kwamba mtu huyo anapata taabu kubwa kushiriki katika mambo yanayoamuliwa juu yake: kuelewa anachoambiwa, kukikumbuka, kukipima ili aamue, au kueleza anachotaka. Taabu kubwa katika moja tu kati ya hayo manne inatosha. La pili ni kwamba hana mtu anayefaa wa kumsaidia ashiriki. Kifungu cha 67 kinahusu tathmini ya mahitaji, mpango wa huduma na mapitio ya mpango huo. Kifungu cha 68 kinahusu uchunguzi pale mtu anapodhaniwa kuwa anadhulumiwa au ametelekezwa. Mlezi naye, yule binti au mke anayemhudumia mgonjwa nyumbani, anaweza kupata haki hiyo hiyo katika tathmini yake mwenyewe. Huduma ni bure. Mtetezi huyu si wakili wa mahakamani. Ni mtu aliyefunzwa kukaa na mzee faragha, kujua anataka nini, kusoma kumbukumbu zake, kuhudhuria vikao na kuhakikisha kauli yake imeandikwa na imejibiwa.

Kuna watetezi wa aina nyingine mbili ambao msomaji anapaswa kuwajua kwa majina yao, kwa sababu maofisa huyataja kwa kifupi tu. IMCA ni mtetezi wa mtu asiyeweza kujiamulia mwenyewe na asiye na ndugu wala rafiki anayefaa kuulizwa; aliwekwa na sheria ya Mental Capacity Act ya mwaka 2005 na akaanza kazi England Aprili 2007. Yeye huitwa pale panapoamuliwa matibabu mazito, au pale hospitali au halmashauri inapotaka kumhamishia mtu mahali pa kukaa kwa muda mrefu. IMHA ni mtetezi wa mtu aliyezuiliwa hospitalini chini ya sheria ya afya ya akili, na alianza Aprili 2009. Hili la pili lina uzito wake kwetu: takwimu za serikali zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watu weusi England huzuiliwa chini ya sheria hiyo zaidi ya mara tatu kuliko weupe. Aina zote hizi hununuliwa na halmashauri, na siku hizi halmashauri nyingi huziweka katika mkataba mmoja wenye mlango mmoja wa maombi. Scotland na Wales zina taratibu zao tofauti. Aliyeko huko asiutegemee mpangilio huu.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni la heshima: sisi tuna ndugu, mtetezi wa nini? Mama ana watoto watano, ana wajukuu, ana jirani wa miaka thelathini. Kumletea mtu wa kuajiriwa wa kumsemea ni kama kutangaza kwamba hana kwao. Naelewa uchungu wa jambo hilo, lakini pingamizi linachanganya mapenzi na kazi. Mwongozo wa serikali unaofuatana na sheria ya 2014 unamtaka mtu anayefaa awe yule anayeweza kumsaidia mgonjwa kushiriki; kumpenda peke yake hakutoshi. Unataja mifano ya wasioweza kuifanya kazi hiyo kwa urahisi: ndugu anayeishi mbali na kuonana na mgonjwa mara chache, mwenzi ambaye yeye mwenyewe hazielewi taratibu za halmashauri, rafiki anayetoa maoni yake makali kabla ya kuuliza mhusika anataka nini. Familia zetu zipo ndani ya mifano hiyo. Mtoto mmoja yuko Leicester, mwingine Mombasa, na yule anayeishi na mama anafanya kazi zamu mbili. Tena mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua akisema hataki kusaidiwa na ndugu fulani, ndugu huyo hafai kisheria, hata awe kifungua mimba. Wala mtu anayelipwa kumhudumia mgonjwa hawezi kuhesabiwa kuwa anafaa.

Kuna na jambo zito zaidi, na mahakama imelishughulikia. Mwaka 2015 mahakama iitwayo Court of Protection ilisikiliza shauri la mwanamke wa miaka 88 mwenye ugonjwa wa kusahau, anayetajwa katika hukumu kwa herufi AJ tu. Alipelekwa kwenye makao na akawa anasema hataki kukaa huko. Sheria inataka mtu wa namna hiyo awe na mwakilishi wa kumfikisha mahakamani akitaka kupinga kuzuiliwa kwake, na halmashauri ikamteua jamaa yake, mmoja wa waliokuwa wakimlea. Jamaa huyo aliamini kwa moyo safi kwamba makao ndiyo mahali panapomfaa, kwa hiyo pingamizi la bibi halikufika popote kwa muda mrefu. Jaji alisema halmashauri haikupaswa kumteua mtu ambaye dalili zote zilionyesha hatalipeleka pingamizi hilo. Hakuna aliyekuwa mwovu katika kisa hiki. Aliyechoka kulea hawezi wakati huo huo kuwa kinywa cha yule anayesema nirudisheni nyumbani, na si haki kumdai hivyo. Mtetezi huru humpunguzia ndugu mzigo huo: ndugu abaki kuwa ndugu, aseme anayoyaona yeye, na mwingine aseme anayoyataka mzee. Sheria yenyewe inalitambua hili, kwani inaruhusu mtetezi awepo hata pale ndugu anayefaa yupo, endapo yeye na halmashauri hawakubaliani na wote wawili wanaona mtetezi atamfaa mhusika. Ukiwa katika mvutano na afisa juu ya mzazi wako, taja njia hiyo. Ipo kwa ajili ya mvutano kama huo.

Lugha ndiyo inayoyaunganisha haya yote. Mwaka huo huo wa 2015, katika shauri linalojulikana kama SG dhidi ya Haringey, Mahakama Kuu ilikuta kwamba halmashauri hiyo ya London ilimfanyia tathmini mwanamke kutoka Afghanistan, mwomba hifadhi mwenye maradhi ya akili, asiyejua Kiingereza wala kusoma, bila ya kumpa mtetezi huru. Jaji alisema tathmini ile haikuwa halali. Nalitaja shauri hili kwa sababu mbili. Linawaonyesha wenye hofu juu ya hati zao kwamba wajibu huu haukuandikwa kwa ajili ya raia peke yao. Na linaonyesha kwamba mkalimani hatoshi. Mkalimani huyahamisha maneno yaliyosemwa; hana ruhusa ya kusema kwamba mzee amejibu ndiyo kwa adabu tu, au kwamba swali limekwepwa. Mzee wa Kiswahili aliyelelewa kutombishia mgeni aliyevaa kitambulisho cha serikali ataitikia kila kitu, na mkalimani atalitafsiri itikio hilo kwa uaminifu. Tena ugonjwa wa kusahau mara nyingi huanza kuila lugha iliyokuja baadaye. Mtu aliyefanya kazi miaka arobaini kwa Kiingereza anaweza kubaki na Kiswahili cha utotoni mwake, cha Unguja, cha Lamu, cha Barawa au cha Bukavu, na mtu wa kutumwa na wakala wa ukalimani asizipate lahaja hizo zote vizuri.

Sasa tuone namna zabuni inavyoyaamua haya. Kwa kawaida halmashauri haiajiri watetezi yenyewe, kwa sababu kanuni zinakataza mtetezi kuwa mtu anayeifanyia halmashauri kazi nyingine. Hununua huduma kutoka kwa mashirika ya hisani kama VoiceAbility na POhWER, au mengine madogo ya eneo husika. Afisa anayeshughulikia ununuzi huandika maelezo ya huduma anayoitaka, mashirika hushindana kwa alama za ubora na bei, na atakayeshinda hupewa mkataba wa miaka kadhaa wenye nafasi ya kuongezwa. Kila sentensi katika maelezo hayo baadaye huwa ni saa ya mtu fulani. Yakisema gharama za ukalimani zimo ndani ya bei, shirika litakuwa na sababu ya kifedha ya kuepuka kesi za lugha ngeni, kwa kuwa kila kesi ya namna hiyo inakula faida iliyo ndogo tangu mwanzo. Yakisema zinalipwa kando kwa kadiri ya mahitaji, sababu hiyo inaondoka. Yakitaka mtetezi yule yule aendelee na mtu kutoka tathmini hadi mapitio, mzee hatasimulia maisha yake upya kwa mgeni wa tatu. Yakinyamaza juu ya mtu asiyeweza kusema kabisa, shirika litafunga faili kwa maelezo kwamba mteja hakutoa maagizo, wakati watetezi wenye ujuzi wanajua kumtazama mtu kama huyo, kuzisoma dalili zake, kuwauliza wanaomjua na kuihoji halmashauri kwa msingi wa haki zake. Mwongozo wa taasisi ya NICE uliotolewa Novemba 2022, wenye namba NG227, unazungumzia utetezi kwa watu wazima na namna ya kuununua, na unataka watu wanaotumia huduma washirikishwe katika kuipanga. Uchapisheni mwende nao. Afisa wa manunuzi ataona ugumu kukataa lililoandikwa na taasisi ambayo serikali yenyewe huitegemea.

Wapo wanaouliza, tena kwa busara: anayelipwa na halmashauri atawezaje kuipinga halmashauri? Kulikana tatizo hilo si kusema kweli. Shirika linalosubiri mkataba wake uongezwe lina kila sababu ya kutokuwa kero. Lakini dawa si kuukataa utetezi wa kulipiwa, kwa sababu badala yake ni kutokuwa na kitu. Dawa ni kuuandika uhuru ndani ya mkataba. Kanuni za 2014 tayari zinampa mtetezi kazi ya kumsaidia mtu kupinga uamuzi, na pale anapokuwa na wasiwasi, kuandika ripoti ambayo halmashauri inalazimika kuijibu kwa maandishi. Ulizeni, katika mashauriano ya zabuni, kama mkataba utahesabu ripoti hizo na kuzitangaza kila mwaka. Shirika ambalo kwa mwaka mzima halikuandika hata moja linapaswa kuulizwa kwa nini. Ulizeni pia kama mtetezi ataruhusiwa kumfikisha mtu kwa mawakili wenye msaada wa kisheria bila ya kuomba ruhusa kwa aliyelipa. Haya ni maswali ya kawaida, na shirika zuri hufurahi likiulizwa, kwa sababu jibu linalilinda nalo.

Pingamizi la fedha ni gumu zaidi. Croydon mwaka 2020, kisha Birmingham na Nottingham mwaka 2023, zilitoa tangazo la kifungu cha 114, yaani kukiri kwamba haziwezi kusawazisha bajeti zao, na halmashauri nyingine nyingi zinaishi karibu na hali hiyo. Katika hali hii kudai zaidi kunaweza kuonekana ni kutojali shida za wenzako. Jibu langu lina pande mbili. Wajibu wa vifungu vya 67 na 68 haufutwi na upungufu wa fedha; halmashauri inaweza kupunguza utetezi usiolazimishwa na sheria, na nyingi zimepunguza, lakini ule wa lazima lazima iutoe. Upande wa pili ni kwamba mengi ya kuombwa hapa hayagharimu sana. Halmashauri jirani zinaweza kununua kwa pamoja, zikatumia orodha moja ya watetezi na wakalimani wa lugha chache chache. Kumlipa mtetezi mmoja anayejua Kiswahili kwa saa zinazohitajika, akihudumia eneo zaidi ya moja, ni nafuu kuliko kila halmashauri kukodi mkalimani kwa dharura. Niseme pia kwamba hapa kuna mpaka: mkidai ofisi ya Waswahili peke yao mtakataliwa, na mtakuwa mmestahili kukataliwa.

Watawaambia vilevile kwamba nyinyi ni wachache mno kuandikwa kwenye mkataba. Hapo ulizeni hesabu imetoka wapi. Sensa ya 2021 iliuliza lugha kuu ya mtu, na mtu mwenye kazi na watoto wanaosoma England mara nyingi hujaza Kiingereza, hata kama mama yake anayeishi chumba cha pili hazungumzi ila Kiswahili. Chama cha eneo kinaweza kufanya jambo ambalo sensa haikufanya: kuhesabu wazee wake, lugha wanayoiota, na wangapi wanaishi peke yao. Hesabu kama hiyo, ikiwa imefanywa kwa uaminifu na bila ya majina, ni ushahidi ambao halmashauri haina. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inaitaka izingatie athari za maamuzi yake kwa makundi ya asili mbalimbali, na haiwezi kuzingatia isichoambiwa na mtu. Hapa kuna kikwazo chetu wenyewe. Familia nyingi huficha ugonjwa wa kusahau na ugonjwa wa akili kama aibu ya nyumba, na mficha uchi hazai. Mzee asiyehesabiwa hanunuliwi saa hata moja.

Njia ya kuingia ni hii. Halmashauri zinatakiwa kutangaza mikataba yao inayozidi pauni 5,000. Tafuteni orodha hiyo kwenye tovuti yao, mwone nani anatoa utetezi na mkataba unaisha lini. Matangazo ya zabuni huwekwa kwenye jukwaa la serikali liitwalo Find a Tender, lakini wakati tangazo linatoka maelezo ya huduma mara nyingi yameshakamilika. Fikeni mwaka mmoja au zaidi kabla. Mwandikieni afisa wa manunuzi wa huduma za watu wazima, mwombe kuingizwa katika mashauriano ya awali, na mpeleke nakala kwa diwani wenu na kwa kamati ya madiwani inayochunguza mambo ya afya na ustawi. Msiende na malalamiko ya jumla. Pelekeni sentensi tatu au nne mnazotaka ziwemo: ukalimani ulipwe kando, mtetezi asibadilishwe bila ya sababu, maombi yahesabiwe kwa lugha, mtu asiyesema asifungiwe faili. Yatafuteni pia mashirika yanayotarajiwa kushindana, kwa kuwa shirika linaloweza kuonyesha kwamba limekwisha kuzungumza nanyi huwa na la kuandika pale alama za ubora zinapotolewa. Na wahimizeni vijana wetu wasomee kazi hii. Ina vyeti vyake vya kitaifa, na inamfaa mtu ambaye tayari anawajua wazee.

Waswahili wengi England wanafanya kazi katika makao ya wazee na majumbani kwa wagonjwa. Nyinyi hamwezi kuwa watetezi wa mnaowahudumia, lakini ndio mnaoona kwanza kwamba mtu analia kila akiitwa kikaoni, au hajatembelewa tangu afike. Mwambieni msimamizi kwa maandishi kwamba mtu huyu anaonekana kustahili mtetezi, mwombe ombi lifikishwe kwa halmashauri. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilipoonyesha mateso ya wagonjwa katika hospitali ya Winterbourne View, karibu na Bristol, wafanyakazi kumi na mmoja wakaja kuhukumiwa. Miongoni mwa mambo yaliyobainika baadaye ni jinsi wagonjwa wale, wengi wao wakiwa mbali na kwao, walivyokosa watu huru wa kuwasikiliza.

Kwa aliye katikati ya shida leo, asiyeweza kungoja zabuni: mwandikie afisa kabla ya tathmini, ueleze ni jambo gani kati ya manne linamsumbua mzee, useme kwa nini wewe si mtu anayefaa au kwa nini mnavutana, na uombe mtetezi kwa kutaja kifungu cha 67. Omba jibu la maandishi. Tathmini ikiwa imekwisha kufanyika bila ya mtetezi, omba irudiwe. Wakikataa, lalamika rasmi kwa halmashauri. Ukimaliza hatua hiyo bila ya kuridhika, peleka malalamiko kwa Local Government and Social Care Ombudsman, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ulipolijua kosa. Ukitaka kwenda mahakamani kupinga uhalali wa uamuzi, muda ni mfupi zaidi, usiozidi miezi mitatu, kwa hiyo mwone wakili mapema.

Mkataba mpya ukimaliza mwaka wake wa kwanza, chama chenu kitumie sheria ya uhuru wa habari, ambayo kwa kawaida inaipa halmashauri siku 20 za kazi kujibu, kiulize mambo manne: watu wangapi walifanyiwa tathmini, wangapi kati yao waliombewa mtetezi, wangapi walihudumiwa kwa lugha isiyo Kiingereza, na ripoti ngapi za wasiwasi ziliandikwa na watetezi. Kamati ya Baraza la Malodi iliyoichunguza sheria ya Mental Capacity Act ya 2005 ilieleza mwaka 2014 kwamba maombi ya watetezi yalitofautiana sana kati ya eneo na eneo, na tofauti ya namna hiyo haielezwi na idadi ya wagonjwa peke yake. Jibu likija, lipelekeni kwa diwani kabla mkataba haujafika wakati wa kuongezwa.